Wali wa Matanga ya Fundi

Mimi nilikula wali wa matanga ya Fundi, tena nikashiba, na miaka ikapita nikaketi naye tukacheka mpaka akaomba maji ya kunywa. Anayetaka kubisha abishe. Watu wa Kasongo tuliomjua wakati wa Wabelgiji tumebaki wachache, na wenzangu wengine siku hizi hata majina ya wajukuu wanayachanganya, sembuse habari za mshonaji mmoja wa mtaa wetu. Basi niacheni niseme mimi.

Jina lake silitaji, kwa kuwa hata enzi zile hatukulitumia. Mafundi walikuwa wengi, wa baisikeli, wa milango, wa paa, lakini ukisema Fundi ukanyamaza, kila mtu alijua ni yule anayeketi barazani kwa mama yake, nyuma ya masini ya kushona, kofia kichwani na pini mdomoni. Pini hizo hazikumzuia kusema. Alisema nazo, akacheka nazo, na siku moja nilimwona akipiga chafya nazo, zikabaki palepale.

Nyumba yao na yetu ziligawana ua mmoja wa matete. Mume wangu alicheza naye bao, kwa hiyo mimi nikawa shemeji yake, na shemeji ni wa kutaniwa. Utani wake ulikuwa wa nguo. Hakupima mtu kwa futi kama mafundi wengine. Alikutazama tangu unakuja njiani, na ukifika barazani yeye amekwisha kujua. "Shemeji," ananiambia, "hii siku mume wako iko analeta nyama mingi. Kiuno kimehama." Nikimtukana anainama juu ya kitambaa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Alikuwa na maneno yake ya kila siku. "Mutu anakusalimia na nguo mbele ya kinywa," alisema. Na mteja akimwambia afanye haraka, alichukua kitambaa chake polepole na kukiweka chini kabisa ya furushi.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Uzi aliufanyia uchoyo wa ajabu: aliokota vipande sakafuni, akaviunga, akavitumia kwa mifuko ya ndani ambako hakuna atakayeviona. Lakini msiba ukitokea mtaani, kwa Mwislamu au kwa Mkristo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta kitambaa cheupe, na hakupokea kitu. Alisali sala zote tano, na juu ya meza ileile ya kanzu za sheikh alishona kanzu za mapadri wa misheni. Sheikh alipomnung'unikia, alimjibu kwamba sindano haina dini, mwenye sindano ndiye anayo. Aliwaogopa mbwa vibaya sana. Mwanamume mzima, mwenye sauti ya kutikisa ukuta, kambwa kadogo ka Mgiriki wa duka kakipita anapanda juu ya kiti.

Mambo mawili hakuyafanyia mzaha. La kwanza ni mgeni. Mgeni hakupita mbele ya baraza ile bila kukaribishwa, hata awe anapita tu njia yake kwenda mtoni. Fundi aliacha masini, akasimama, akashika kofia yake vizuri, akasema karibu. Alisema nyumba ambayo mwanaume wake hasimami kukaribisha ni ghala.

La pili ni dada yake mdogo. Baba yao alikufa mapema, na mke wa Fundi alikufa katika uzazi wa kwanza pamoja na mtoto. Tangu hapo Fundi hakuoa. Alisema ataoa akisha kumwoza huyu binti. Binti alimwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu, na Yaya ndiye aliyemlea, akamshonea, akamfundisha hata kusuka nywele, maana mama yao alikuwa shambani kwenye mpunga kutwa. Nimemwona kwa macho yangu mwanamume yule, pini mdomoni, kichwa cha mtoto katikati ya magoti, anasuka.

Sasa habari ya mkono. Alikuwa anashona kanzu nyeupe ya sikukuu. Mama yake alikuwa anapepeta mchele, mimi nimekwenda kuomba moto. Tukaona damu inatambaa juu ya kitambaa, tone kwa tone. Fundi akafoka: nani ameleta kuku barazani? Akatafuta kuku. Akainua kitambaa, akatazama chini ya meza. Miguu yake bado ilikuwa inakanyaga. Mama ndiye aliyemshika bega akamwonyesha. Sindano ilikuwa imepita ndani ya kidole chake, inapanda inashuka, na yeye hana habari. Akauchomoa mkono, akautazama kama mtu anayetazama mkono wa jirani. Halafu akacheka, akasema, "Hii kidole imelala. Iache ilale."

Kidole hakikuamka. Mwaka ukageuka, pasi ya makaa ikamchoma mpaka tukasikia harufu, na yeye anaendelea kupiga pasi. Masikio yakavimba, nyusi zikapukutika, uso ukawa na manundu. Sote tulijua ni ugonjwa gani. Hakuna aliyeutaja. Tulisema ule mkubwa, basi. Wakati huo daktari wa Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, alikuwa akipita na lori, anawapanga watu njiani, anatazama migongo na mikono, na wenye ugonjwa anawavusha mto Lualaba kwenye kambi yao. Mama yake akamhamishia chumba cha nyuma, karibu na jiko, kile kilichogusana na ua wetu. Akasema ni kwa siku chache.

Nami ndipo nilipomjua Fundi zaidi, kupitia matete yale. Uso wake sikuuona kwa muda mrefu. Nilikuwa na sauti, na sauti haikubadilika hata kidogo. "Shemeji, leo Ijumaa. Wamevaa nini?" Nami namweleza: fulani amevaa kanzu inayoburuta, mke wa fulani amerudia kitambaa cha mwaka jana amegeuza ndani nje. Alicheka mpaka akakohoa. Nikimsikiliza nikiwa nimefumba macho, naapa, alikuwa ameketi barazani.

Baraza yenyewe ilipewa mtu mwingine, maana nyumba lazima ipate kula. Wakamweka kijana mmoja kwenye masini. Fundi akamsikia kutoka nyuma. "Shemeji, huyo anakaza uzi sana. Bega litakunjamana. Kamwambie." Nikaenda nikamwambia. Kijana akalegeza, hakuniuliza mimi mke wa mcheza bao nimejifunzia wapi. Kesho tena: "Kamwambie mafuta yameisha kwenye gurudumu, nasikia inalia." Msimu mzima wa mvua watu wa Kasongo walivaa nguo zilizoshonwa na Fundi kupitia kinywa changu, na hawakujua.

Dada yake, mwanzoni, alimtunza vizuri kuliko mama. Alitoa miba ya samaki mwenyewe, kwa kuwa vidole vya Yaya havikuweza tena. Alikaa mlangoni mpaka amalize kula, wakisimuliana. Lakini kwetu, jioni, wanaume hula pamoja barazani, kila nyumba inatoa sahani yake na wote wanaingiza mikono. Nyumba yao ilitoa sahani kama zamani. Wanaume wakaanza kula za wengine, ile wakaipita. Sahani ya wali na sombe, yaani majani ya muhogo, ikawa inarudi imejaa, na anayeipokea mlangoni ni yule binti. Ikarudi leo, ikarudi kesho. Nilimwona siku moja amesimama nayo, hajui aipeleke wapi. Tangu hapo akawa anaweka chakula cha Yaya chini, mbali na mlango, anaita, anaondoka. Halafu akawa haiti. Simlaumu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wenzake wote wa rika lake walikuwa wamekwisha kuolewa.

Wakaja watu wa Kabambare. Kijana wao alimwona binti sokoni akampenda, akawatuma wazee. Mama akafagia, akachemsha kahawa, akamwita ndugu mmoja wa marehemu mumewe aje kusema kwa niaba ya nyumba. Mimi nilikuwa jikoni kwao nasaidia. Mzee wa Kabambare akauliza, kama desturi inavyotaka, "Tunasikia binti iko na kaka. Yeye iko wapi, atukaribishe?"

Yule baba mdogo wa kuazima akajibu, "Kaka iko mbali. Iko Kalima, kwenye kazi ya mawe."

Mle jikoni nilimsikia Fundi akivuta pumzi. Nikasogea kwenye mlango wake nikamnong'oneza, "Fundi, nyamaza. Kwa ajili ya mtoto, nyamaza." Nilisikia anapapasa ukutani, na nikajua anatafuta kofia. Akatoka. Akapita jikoni, akapita sebuleni, akasimama barazani mbele ya wageni, ameivaa kofia yake sawasawa, kanzu yake imepigwa pasi sijui na nani.

"Karibuni, wageni wetu," akasema kwa sauti yake ileile. "Musituhukumu. Mwenye nyumba alichelewa."

Wazee walikuwa na adabu, siwezi kusema uongo. Hawakukimbia. Waliweka vikombe chini, mmoja akashukuru kwa kahawa, wakaenda.

Ugomvi wa jioni ile niliusikia wote, na Fundi aliusikia, kwani chumba chake hakikuwa na dari. Binti hakupiga kelele. Alisema taratibu, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Mama, yule si Yaya. Yaya angenihurumia. Yaya alikufa siku ile ya sindano, sisi tunalisha kitu kingine."

Mama akamwambia, "Nani mwingine Kasongo hii angeacha kitanda chake aje kukaribisha watu wanaomkimbia? Ni yeye. Kama angekaa kimya ndipo ningesema si yeye."

"Basi kama ni yeye, anaona nafsi yake tu."

Nilimpenda Fundi, na binti naye alisema kweli.

Asubuhi Fundi aliniita kwenye matete. Hakutania. Aliniuliza lori la daktari linapita siku gani. Lilipopita, alikuwa amekwisha kuketi kando ya njia, peke yake, na mkeka wake umekunjwa. Wengine walikuwa wanafukuzwa porini ili wakamatwe, na yeye alijipeleka. Mama alimfuata mpaka pale, akasimama naye. Binti hakutoka. Lori lilipoondoka, nyumba ile ikapakwa chokaa ndani na nje, na masini ikaanza kulia tena kwa kukosa mafuta.

Haukupita muda mwingi, mtu wa baisikeli akatoka ng'ambo akasema sokoni kwamba kule kambini kuna mgonjwa mmoja wa Kasongo amefariki. Mmoja wa Kasongo, alisema hivyo tu. Walioondoka na lori lile peke yake walikuwa wengi. Lakini habari ilipofika mtaani kwetu, hakuna aliyemrudia mtu wa baisikeli amwulize jina. Hata mimi sikufikiri kuuliza. Kufika adhuhuri mikeka ilikuwa imetandikwa, mbuzi amechinjwa, khitma inasomwa. Tulilia, tena tulilia kweli. Wali ulikuwa wa mpunga mpya, una harufu nzuri. Wanaume walikula barazani, na siku hiyo sahani ya nyumba ile ilirudi tupu, imefutwa na vidole.

Mama wa Fundi ndiye aliyekaa pembeni hakugusa. Wanawake wakamsihi. Akasema, "Kuleni. Miye sijaona maiti."

Watu wa Kabambare wakaja kutoa pole, na kwa kuwa kijana wao alikuwa bado hajapoa, wakarudi mara ya pili na maneno mengine. Ugonjwa haukuwamo tena nyumbani, chokaa ilikuwa imekauka. Binti akaolewa. Arusi ilikuwa nzuri. Nguo yake ilishonwa na yule kijana, na bega moja lilikunjamana, nikageuza uso.

Miaka ikaenda. Binti akazaa huko Kabambare, akazaa tena. Mama akabaki peke yake na mchele wake. Nami siku moja nikavuka Lualaba kumtazama binti wa kaka yangu aliyejifungua, na njia ya kurudi ikanipitisha kwenye kisoko kilicho karibu na kambi, ambapo wagonjwa waliopona walikuwa wanauza mboga na mikeka. Nimeinama nachagua bilinganya, nikasikia nyuma yangu:

"Shemeji, hii gauni nani alikushonea? Bega moja linakwenda Kabambare, lingine linarudi Kasongo."

Sikugeuka. Nilimlilia mtu huyu, nimekula wali wake. Nilipogeuka niliona mzee mwenye uso nisioujua, pua imedidimia, mikono haina vidole vya kuhesabu. Nikafumba macho makusudi. Nikasema, "Sema tena." Akasema tena, na matusi juu. Ndipo nilipoketi chini pale kwenye mboga za watu nikalia, naye akaketi, akangoja nimalize.

Nikamweleza yote. Hakuhuzunika upesi. Alitaka mambo ya matanga yake kwanza. Mbuzi alikuwa dume au jike? Mwenzake wa bao, yaani mume wangu, alilia? Nikamwambia alilia, kisha akarudia sahani mara mbili. Hapo ndipo tulipocheka mpaka akaomba maji.

Alipokwisha kunywa akapangusa mdomo. Akasema masera, yule mtawa anayetoa vidonge vipya, amemwambia yuko safi, anaweza kurudi kwao. "Nilikuwa najitengeneza nije mbele ya mvua," akasema. "Nilikuwa nafikiri, nitaketi barazani tu. Hata kushona, hapana. Kuketi na kusalimia watu."

"Rudi," nikamwambia. "Nitakaa na wewe barazani mimi mwenyewe, waseme watakavyo."

"Na Kabambare wakisikia? Watasema waliozeshwa kwa kifo cha uongo. Watamrudisha mutoto, na watoto wake watabaki huko." Akatikisa kichwa. "Wacha. Mara ile nilitoka chumbani. Mara hii nitakaa ndani."

Nikaanza kukusanya bilinganya zangu. Ndipo akaniuliza, polepole, hanitazami, "Na mama? Wali ule, alikula?"

"Hakula hata punje. Alisema hajaona maiti."

Aligeukia upande wa mto. Kisha akasema, "Basi yeye umwambie. Yeye peke yake."

Nilimkuta mama uani, anapepeta. Nikamwambia. Ungo haukusimama mkononi mwake. Alimaliza mchele ule, akaumimina ndani ya kitambaa, akafunga, akaniuliza mtumbwi unavuka siku gani. Mtaani walipomwona na kifurushi walisema bibi wa watu akili zimemhama, anakwenda kutafuta kaburi la mwanawe. Nikawaachia waseme hivyo, na nimewaachia mpaka leo nilipoona wote waliohusika wametangulia.

Nilimvusha mwenyewe. Fundi alikuwa amesimama ufukweni, nyuma ya watu, nusu amejificha, kofia imeshushwa machoni. Nilitaka kumwonyesha mama ni yupi. Hakuningoja. Alikanyaga matope, akawapita watu wote, akamshika mikono ile, akaishusha na kuipandisha, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umekonda," akamwambia. "Hapa wanakupikia nini?"